Tulivyokwenda Dodoma ili Kuichora Mugomero

Vijana wa ofisi ya ardhi, siku mliyoniaga mlitaka niseme machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilishindwa, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa bado anayasema machache yake na pilau ilikuwa inapoa. Ndiyo maana naandika. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na vyote vilibandikwa mlangoni kwangu kwa hiyo mnavijua. Nitawaeleza safari moja, maana ndiyo iliyonifundisha kuchora mji, ingawa wakati huo nilikuwa nimeshachora miji midogo zaidi ya inavyostahili mtu mmoja.

Lakini lazima nianzie Kibondo, kwa sababu bila Kibondo nisingekuwa na Mzee Shomari.

Nilifika Kibondo nikiwa msichana kutoka Songea, nimetoka chuoni, nimevaa viatu vya kisigino. Mtu wa kwanza kukutana naye ofisini alikuwa mpima ardhi mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka kwa jua. Aliniangalia viatu, hakuniangalia usoni.

"Mwanangu," akasema, "sisi hapa tunapima ardhi. Harusi ni Jumamosi."

Akanipa buti za mpira ambazo zingemtosha askari, akanionyesha jinsi ya kujaza magazeti kwenye vidole. Huyo ndiye Mzee Shomari, mzaliwa wa Ujiji. Siku hiyo hiyo alinipeleka porini, akanikabidhi fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe, akaniambia nisimame nayo wima mpaka atakaponiambia vinginevyo. Yeye alikuwa ng'ambo ya bonde na theodolaiti, ile darubini ya miguu mitatu ambayo ninyi mmeikuta stoo mkadhani ni mashine ya kahawa. Mvua ikanyesha. Nikasimama. Jua likatoka. Nikasimama. Aliporudi aliniuliza kama nimechoka, nikasema hapana, akasema, "Uongo, lakini fimbo ilikuwa wima."

Alinifundisha kazi yote ya mkono: kusoma pembe, kuvuta utepe bila kuulegeza, kupigilia kigingi kisiyumbe, kumwaga zege la bikoni ili jiwe la mpaka likae pale hata sisi tukishasahaulika. Wakati wa swala alitafuta kibla kwa theodolaiti ile ile, akajisifu kwamba katika Kibondo nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na hakika. Na kila mara tulipokula mchana, ugali wa muhogo na maharage, alirudi kwenye hadithi moja. Alipokuwa kijana alichukuliwa kwenye kikosi kilichokwenda kupima makao makuu mapya ya nchi, Dodoma.

"Palikuwa na miiba na mbuzi," alikuwa akisema. "Mimi nikapigilia kigingi, mbuzi akaja akakinusa. Nikamwambia, ondoka, hapa ni barabara. Hakuniamini."

Hakuwahi kurudi kuona kama mbuzi alikuwa na haki.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: mstari ukishauchora, unyooshe. Usiupindishe kwa ajili ya nyumba ya rafiki wala mgomba wa diwani, maana ukiupindisha mara moja kila mtu atakuja na mgomba wake. Nikaishika kanuni hiyo Kibondo, nikaihamishia Kasulu nilipopelekwa kuwa afisa mipango miji, na Mzee Shomari akastaafu akabaki Kibondo na kuku wake.

Sasa ndipo tunafika kwenye habari yenyewe. Mwaka 2012 wilaya zilipogawanywa, kila mahali pakawa na shauku ya mji. Kijiji ambacho jana kilikuwa na duka moja na mashine ya kusaga, leo kilitaka stendi. Kazi iliyoangukia meza yangu ilikuwa kijiji cha Mugomero, njia ya kwenda Muyama, mahali palipopangwa kujengwa ofisi za tarafa, kituo cha afya, soko, na shule ya sekondari. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kazini. Nikajiambia, hiki ndicho kitakuwa kitu changu kizuri cha mwisho.

Nilikichora kwa mapenzi. Ofisi niliziweka juu kwenye mwinuko, soko chini karibu na chemchemi, na katikati nikapitisha barabara pana, imenyooka kabisa, ili mtu akisimama mlangoni pa ofisi aone mpaka sokoni. Niliitundika ile ramani ukutani nikawa naitazama nikinywa chai. Wenzangu walidhani naangalia kalenda.

Tukaenda kupigilia vigingi. Asubuhi iliyofuata tulipofika na gari kuendelea, tukavikuta vigingi vya barabara kuu mbele ya ofisi ya kijiji, vimefungwa kwa kamba ya mgomba, vimepangwa kama kuni za kuuza. Kando yake alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, jembe limelala miguuni.

Alisimama, akapiga makofi ya taratibu kama Waha wanavyosalimia. "Mwakeye, mama."

"Mwakeye," nikaitika. Hilo la kuamkiana nilikuwa nalijua.

"Vigingi vyenu hivi hapa. Hesabuni. Hakuna kilichovunjika."

Huyo alikuwa Mama Astelia, mjane, mkulima wa kahawa na mjumbe wa serikali ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ruhuza, alikuja mbio akiwa amekosea kufunga vifungo vya shati, akaanza kumkaripia: hiyo ni mali ya serikali, maendeleo yanahitaji kujitoa, na mengine ya aina hiyo. Mama Astelia alimsikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, kisha akanigeukia mimi.

"Nyumba yangu mnaiona? Bomoeni. Ni ya udongo, nitajenga nyingine. Kahawa mnaiona? Kateni. Lakini pale nyuma ya kahawa amelala mume wangu, Gervas. Mnataka kumpitishia magari juu ya kifua."

Nikamweleza kwa upole kwamba sheria inaruhusu kaburi kuhamishwa, kwa heshima zote, na ndugu wakiwepo. Nilikuwa nimeshasema maneno hayo mahali pengi na watu walikuwa wamekubali.

"Alipokuwa anaumwa," akasema, "tulimbeba kwa machela mpaka Kasulu, tukamrudisha. Tukambeba tena, tukamrudisha. Siku ya mwisho akaniambia, Astelia, sasa nimechoka kubebwa. Nami nikamjibu, sawa, hutabebwa tena. Mama, mimi nimemwahidi."

Nilikuwa na majibu ya sheria. Kwa hilo nilisema tu tutalizungumza, na tukapakia vigingi kwenye gari.

Kilichofuata ni mikutano. Kijiji kikagawanyika. Wengine walitaka mji haraka kabla haujapelekwa kijiji kingine, na kweli kulikuwa na kijiji jirani kilichokuwa kimeshafyeka eneo na kusubiri, kama mtu anayekaa na sahani mkononi. Wengine walisema wakimwacha Mama Astelia peke yake leo, kesho itakuwa zamu yao. Ndipo halmashauri ikaamua kufanya ziara ya mafunzo. Wajumbe kadhaa wa kijiji wakaone mji uliopangwa tangu mwanzo, wajionee faida, warudi wawaeleze wenzao. Mahali pa kwenda palikuwa dhahiri: Dodoma.

Bwana Ruhuza alijiteua. Wajumbe wengine wakapigiwa kura, na Mama Astelia akaongoza. Walimchagua hata waliotaka mji, nadhani kwa sababu walijua akikubali yeye atakuwa ameangalia vizuri. Mimi nikaomba kitu kimoja tu: tupitie Kibondo tumchukue Mzee Shomari.

Alikuwa anatusubiri barabarani na koti lililopigwa pasi, kofia ile ile kichwani. Mkewe alikuwa kando na kikapu cha chakula cha kutosha kikosi.

"Mrudisheni," akatuambia mkewe. "Tangu apate habari hii hajalala, na mimi hajaniacha nilale."

Akapewa kiti cha mbele. Mama Astelia alikuwa nyuma yake, na kabla hatujaiacha Kibondo walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mbegu za kahawa, jambo ambalo Mzee Shomari hakulijua hata kidogo.

Kosta yetu, lile basi dogo, iliruka na kutikisika kwenye vumbi jekundu mpaka tukawa wote tumefanana rangi. Tulipofika Nyakanazi, tukapanda lami. Kelele zote zikakoma ghafla. Vyuma vikanyamaza, madirisha yakanyamaza, viti vikanyamaza. Mama Astelia akainuka kwa wasiwasi.

"Dereva! Gari limekufa?"

"Halijafa, mama. Hii ni lami."

Akakaa. "Yoo, mawe!" akasema kwa Kiha, yaani mama wee. "Kumbe gari lenyewe halina kelele. Kelele ni zetu." Basi zima likacheka, na kuanzia hapo safari ikawa sherehe. Tulilala Kahama. Kesho yake tukapita Nzega na Singida, mawe makubwa yakiwa yamepandana pande zote kama yaliyosahauliwa na waliokuwa wanayajengea kitu, na alasiri tukaingia Dodoma.

Mwenyeji wetu alikuwa afisa mipango miji kijana, Fikiri, mchangamfu, mwenye kutembea haraka. Alitupokea na mabakuli ya zabibu. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuziona zikiwa mbichi. Bwana Ruhuza alimenya yake ganda kwa ganda, kwa uangalifu, mpaka Fikiri alipoona huruma akamwonyesha kwamba inaliwa nzima.

Siku ya kwanza alitutembeza mjini. Nimeona majengo katika maisha yangu, lakini mtu wa kazi yangu huona mji kama fundi cherehani anavyoona nguo: anatafuta mshono. Niliona barabara pana zenye nafasi ya kupanuliwa tena. Niliona maeneo ya wazi yaliyoachwa wazi, jambo ambalo kwetu linahitaji maombi. Niliona vichochoro vya waenda kwa miguu vinavyokatiza mitaa, mtoto akatoka nyumbani mpaka shuleni bila kukutana na lori. Kwa mbali chuo kikuu kilikuwa kimetandazwa juu ya vilima, kuta nyeupe zinang'aa, na upepo mkavu unavuma toka huko bila kukoma.

Kisha tukafika kwenye ukumbi wa Bunge. Tulisimama nje tukiwa kundi, shingo zimenyooka. Fikiri alianza kutueleza juu ya zege na vioo na umbo la paa, na Mama Astelia akamshika mkono.

"Mwanangu, ngoja kidogo. Si msonge huu?"

"Ndiyo, mama. Umbo limetokana na nyumba ya msonge."

"Bibi yangu alikaa humu," akasema, kisha akaanza kucheka, kicheko cha furaha kabisa kilichomtoa machozi. "Msonge! Sisi tulitoka kwenye misonge tukaambiwa ni ushamba, tukajenga za pembe nne. Wakubwa wakaja kuichukua!" Akalizunguka lile jengo kwa macho kama anayetafuta mlango wa jikoni. Mpaka jioni alikuwa bado anamwambia kila mtu, hata mwuza maji, kwamba bibi yake alikaa humo.

Mmoja tu kati yetu hakuwa na furaha, naye ni Mzee Shomari. Tangu tuingie mjini alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, Consolata. Sipajui," akasema. "Nimepazungumzia miaka yote hii, na sipajui. Wameniwekea mji juu ya vitu vyangu."

Iliniuma. Nilimwomba Fikiri, na kesho yake akabadilisha ratiba. Badala ya kutupeleka kwenye mkutano wa maelezo, jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia, alimwambia Mzee Shomari, "Mzee, leo wewe ndiye mwenyeji. Tuonyeshe."

Tulizunguka sana. Kila kona aliyodhani anaikumbuka ilikuwa na ghorofa. Mwishowe akaomba gari lisimame, akashuka, akavua kofia, akakitazama kilima kimoja kilichokuwa upande wa kusini. Akainua kidole gumba mbele ya jicho, kama tulivyokuwa tukifanya Kibondo siku betri za kikokotoo zilipokwisha. Akageuka kidogo. Akageuka tena.

"Twende huku," akasema, na sauti yake ilikuwa ya zamani.

Tulimfuata kwa miguu, halmashauri nzima nyuma ya mzee mmoja, mpaka kwenye mtaa tulivu wa nyumba zenye bustani. Alisimama kwenye kona ya ua mmoja, akaanza kufunua majani kwa fimbo yake. Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mwenye sare ya uuguzi.

"Shikamoo mzee. Umepoteza kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Sijapoteza. Nilikiacha."

Akapiga magoti kwenye maua, akafukua kwa vidole, na pale, usawa wa udongo, likaonekana jiwe la zege lenye kipande cha chuma katikati. Bikoni. Aliweka kiganja juu yake, akaacha kiganja pale. Mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka.

"Halijasogea," aliniambia. "Consolata, halijasogea hata kidogo! Mbuzi yule yuko wapi nimwonyeshe?"

Yule muuguzi alipoelewa, alitoa viti vyote vya nyumba yake. Alitoa na maji, na karanga, na akamwita jirani. Alisema amekuwa akimwagilia maua juu ya lile jiwe tangu ahamie, na fundi mmoja alitaka kuling'oa akamkatalia bila kujua sababu. Mzee Shomari alimweleza jinsi alivyofanya vyema. Alimweleza mara nyingi.

Tulikuwa tumekaa hivyo, tunakula karanga, nilipoona Mama Astelia amesimama katikati ya barabara, anaitazama. Mbele ya nyumba ile barabara ilikuwa inakuja imenyooka vizuri, halafu inapinda taratibu, inalizunguka jiwe kubwa la mviringo, jiwe la asili, ndipo inarudi kwenye mwendo wake. Watoto wa mtaa walikuwa juu ya jiwe wanateleza.

"Mzee," akaita, "hapa barabara iliogopa nini?"

Mzee Shomari akafuta midomo. "Hapo tuligombana. Mkuu wetu wa kikosi alitaka baruti, tulipasue. Mchoraji wetu akasema hapana, jiwe lilikuwa hapa kabla yetu, na siku moja watoto watalichezea. Tukabishana asubuhi nzima juani. Hakukuwa na mtoto hata mmoja, mama. Kulikuwa na mbuzi tu. Mwisho tukang'oa vigingi, tukapinda."

Mama Astelia alilisogelea. Alilizunguka lile jiwe lote, taratibu, akiwa amefunga mikono nyuma. Aliporudi alinijia mimi, na hakuwa anacheka.

"Mama Ngonyani. Hawa wamelikwepa jiwe."

"Nimeona."

"Jiwe halina mke. Halikumwomba mtu ahadi." Akapunguza sauti. "Wewe unaweza kumkwepa Gervas?"

Bwana Ruhuza alisafisha koo, nikajua anataka kusema habari ya maendeleo na kujitoa. Lakini alitazama watoto juu ya jiwe, akachukua karanga.

Vijana wangu, mtu akiupenda mchoro wake, kuugusa ni kama kuambiwa mtoto wako ana pua mbaya. Nilimvuta Mzee Shomari pembeni nikiwa na hasira kabisa.

"Maisha yangu yote umeniambia mstari ukishachorwa, unyooshe. Kumbe wewe mwenyewe ulipinda! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgeni wa kazi," akasema bila aibu yoyote. "Mgeni ukimfundisha kukwepa kabla hajajua kunyoosha, atakuchorea nyoka. Nilikuwa nasubiri uwe tayari."

"Nastaafu karibuni, mzee!"

"Basi umewahi."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na karatasi mapajani. Kwenye lami nilichora, kwenye vumbi nikafuta. Mama Astelia alikuwa kiti cha nyuma yangu, na kila nilipoinua kalamu nilisikia pumzi yake begani.

Kupinda si jambo dogo. Kona ikiwa kali, gari linaanguka, na mvua za kwetu zinaifanya barabara ya udongo kuwa sabuni. Mhandisi wa barabara pale Kasulu aliupokea mchoro wangu mpya kama mtu aliyepewa samaki wa jana. Aliniambia kona ili iwe salama lazima ianze mbali na iende taratibu, dereva aone mbele. Tukakaa naye, tukachora, tukakuta kuna nafasi. Lakini kulikuwa na ubaya mmoja. Kona pole namna ile ilikula kahawa ya Mama Astelia nyingi zaidi kuliko mstari wangu ulionyooka. Ingebaki mistari michache tu mgongoni mwa nyumba.

Nilikwenda kumweleza mwenyewe, nikitembea naye katikati ya miti yake ya kahawa, ikiwa imejaa matunda mekundu. Nilimwonyesha kila mti utakaoondoka. Alikuwa anaugusa kila mti ninaoutaja.

"Na Gervas?" akauliza tulipofika mwisho.

"Gervas anabaki alipo. Tutamwekea ukingo wa mawe, na nyasi."

"Basi tuanze lini?"

"Mama Astelia, kahawa yote hii."

"Kahawa nitapanda nyingine," akasema. "Mimi nimeipanda hii, najua inavyopandwa."

Kwenye mkutano wa kijiji yeye ndiye aliyesimama kueleza Dodoma. Alieleza lami isiyo na kelele, zabibu, na ukumbi wa bibi yake. Alieleza maeneo ya wazi, akasema Mugomero nayo iwe na lake, na anayetaka kulilima aseme sasa. Hakuna aliyesema. Alipofika kwenye jiwe na barabara, watu walikuwa wameshamwelewa, wanapiga makofi. Bwana Ruhuza akasimama akatangaza kwamba wazo la kona alilipata yeye Dodoma. Tukamwachia.

Mzee Shomari alikuja kutoka Kibondo kupigilia kona ile pamoja nami. Ofisi ilikuwa imepata kifaa kipya cha kupimia kwa satelaiti, yeye akaja na theodolaiti imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Tulipima kwa vyote viwili. Vilipishana upana wa kiganja, na yeye akasema kifaa kipya kitaboreka kikizoea. Mama Astelia alituletea viazi vitamu na chai ya rangi, na ubishi wa mbegu za kahawa ukaendelea palepale ulipokuwa umeachwa. Sijawahi kupiga kigingi nikiwa na furaha kama siku ile. Watu walipita, wakasimama, wakaonyeshana: hapa stendi, hapa sekondari, kule kwa wagonjwa. Walikuwa wanauona mji wakati sisi tulikuwa bado tunaona majani.

Barabara ilikamilika mwaka 2015, ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, muda mfupi kabla sijastaafu. Kuta za ofisi zilikuwa zimefika kwenye renta, juu ya madirisha, soko lilikuwa limeanza, na mama ntilie walikuwa wamefika kabla ya soko, kama kawaida. Siku ya kuifungua kulikuwa na ngoma, mahema, na maspika yaliyokuwa yanakoroma. Mimi sikukaa kwenye viti vya wageni. Nilikwenda kukaa na Mama Astelia penye kona, kwenye ukingo wa mawe. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa, na kuzunguka kwake alikuwa ameshapanda miche ya kahawa, mirefu kama kidole.

Msafara ukaja kutoka juu, magari yanafuatana, taa zinawaka mchana. Pale penye unyoofu yalikuwa yanakimbia, vumbi linapaa. Yalipokaribia kona, la kwanza likapunguza mwendo. Likapita mbele yetu polepole, karibu na mwendo wa mtu anayetembea, na lililofuata likafanya hivyo, na lililofuata. Hata gari la mgeni rasmi, na bendera yake. Kisha lori la mahema. Kisha bodaboda, mmoja baada ya mwingine, wanakanyaga breki.

Mama Astelia alinishika mkono kwa nguvu.

"Unaona?" akasema. "Maisha yake yote Gervas alitembea kwa miguu, kila akisikia gari anarukia mtaroni. Mama Ngonyani, unaona wanavyompisha?"